Nyundo ilikuwamo garini: kisa cha dakika 13 mtaroni Isyonje

Gari lilipotulia lilikuwa limelala ubavu, upande wa abiria chini, na waipa bado zinafanya kazi. Hicho ndicho ninachokikumbuka kabla hata ya kilio cha mpwa wangu: waipa zinakwenda na kurudi, zinapangusa matope, kama vile safari bado inaendelea.

Tulikuwa tunarudi Mbeya kutoka mazishini Tukuyu, Jumamosi moja ya Aprili, saa moja na nusu usiku. Anayeijua barabara ile anajua kile kipande kinachopanda kutoka Kiwira kuelekea Isyonje wakati wa mvua. Ukungu unashuka mpaka juu ya lami, unaendesha kwa kufuata mstari mweupe wa pembeni, na malori ya Kasumulu, kule mpakani na Malawi, yanateremka na taa kali. Shemeji alipisha moja. Tairi la mbele kushoto likatoka kwenye lami, likakanyaga udongo uliolowa, gari likaanza kuteleza taratibu mno, mwendo wa mtu anayetafuta mahali pa kuegesha, kisha likajilaza kwenye mtaro wa mawe. Hakuna kishindo cha kusimulia. Kingekuwa kiangazi, tungetoka tukicheka.

Lakini mtaro ule unashusha maji ya mlima, na sasa gari letu lilikuwa limeuziba.

Shemeji alikuwa kwenye usukani, kwa hiyo alikuwa juu, ananing'inia kwenye mkanda. Dada yangu alikuwa chini yake, bega la kushoto limelalia mlango, na kioo cha mlango huo kilikuwa kimeshavunjwa na jiwe la mtaro. Nyuma, mimi nilikuwa juu na mpwa wangu wa miaka 9 chini. Milango miwili ya kushoto ilikuwa imeegemea mawe. Ile miwili ya kulia ilikuwa inatazama mbinguni. Maji ya tope yakaanza kuingia kwa dada, ya baridi, bila haraka yoyote.

Simu ya kwanza niliyopiga inaonyesha saa 1:36. Picha ya kwanza aliyotupiga kijana wa bodaboda, sote wanne tumeketi kando ya barabara tumejifunika vitenge vya watu tusiowajua, ni ya saa 1:49. Dakika 13. Aliyeumia zaidi ni shemeji, tena aliumizwa na waokoaji. Nitafika huko.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu gari lile lilikuwa na nyundo ya dharura. Hatukukosa kifaa. Tulikuwa nacho, tena cha bei, na kwa dakika 13 hakuna mkono uliokigusa.

Alichonunua shemeji

Miezi minne kabla ya hapo, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilipita video ya gari lililosombwa na mafuriko. Shemeji akaenda Mwanjelwa akanunua nyundo ya kuvunjia kioo kwa shilingi 35,000. Si ya mzaha: mwili mwekundu, ncha mbili za chuma, kisu cha kukatia mkanda kwenye mpini, tochi, king'ora, taa ya kumetameta na sumaku ya kuibandika juu ya bodi. Alituonyesha sebuleni, akawasha king'ora mpaka mama akamwambia azime. Kisha akairudisha kwenye plastiki yake, akaiweka kwenye dashibodi.

Dashibodi, kwa madereva wengi wa kwetu, ni ile droo iliyo mbele ya magoti ya abiria. Ndimo inamokaa kadi ya gari, karatasi za bima, chaja iliyokufa na pipi za mtoto. Ni mahali pa kawaida kabisa, na mimi mwenyewe ningeiweka humo humo. Gari lilipojilaza, droo ilifunguka, na vyote vikamwagikia kwa dada, ndani ya maji, gizani. Shemeji akapiga kelele: "Nyundo! Nyundo iko miguuni kwako!" Dada alikuwa anatumia mkono mmoja kuinua uso juu ya maji na mwingine kushikilia kiti cha mumewe. Mkono wa tatu hakuwa nao.

Fundi aliyelisafisha gari baadaye aliikuta chini ya reli ya kiti cha kushoto. Ilikuwa bado ndani ya plastiki, na ncha zake bado zimevaa vile vifuniko vya kuzuia isichome mtu dukani.

Tulichokijaribu

Milango kwanza. Mlango wa gari lililolala unausukuma kwenda juu kama mfuniko wa kisima, na ni mzito kuliko unavyodhani siku zote ukiufungua kwa vidole viwili. Shemeji alikuwa ananing'inia, miguu haina pa kukanyaga. Mlango ulifunguka upana wa kiganja ukamrudia. Wangu wa nyuma haukufunguka kabisa. Loki ya watoto ilikuwa imewekwa, kwa sababu ya mpwa, na loki ile haijali umri wa mtu anayevuta kitasa.

Kitu cha pili ndicho kinachoniuma mpaka leo. Sekunde chache baada ya kulala, shemeji alizima gari na kuchomoa ufunguo, kwa hofu ya moto. Hofu ya haki kabisa, na ndivyo tulivyofundishwa. Waipa zikasimama. Vioo vya umeme navyo vikafa papo hapo, na hakuna aliyelifikiria hilo. Siku tatu baadaye, uani kwa fundi, fundi alirudisha ufunguo, akauzungusha mpaka taa za dashibodi zikawaka, akabonyeza kitufe. Kioo cha dereva kikashuka chote, laini kabisa. Fundi akanitazama bila kusema kitu. Betri ilikuwa nzima muda wote ule. Kabla ya kuzima gari, kidole kimoja kingetufungulia mlango wa mbinguni bila nyundo wala jiwe.

Kisha tukaingia kwenye elimu ya WhatsApp. Mtu mmoja kwenye ukoo aliwahi kutuma ujumbe kwamba ile mito ya kichwa kwenye viti imetengenezwa ichomoke ili uvunjie kioo. Sivyo. Inachomoka ili irekebishwe urefu na kiti kiweze kukunjwa. Vyuma vyake vina ncha za mviringo, na kioo cha pembeni hakiogopi mviringo. Nilichomoa ya kiti cha shemeji kutoka nyuma, kwa taabu, nikagonga dirisha langu mara nne. Ilirudi kama mpira. Wapo waliofanikiwa kwa kukichomeka chuma kimoja katika ule mwanya ambamo kioo kinazama mlangoni, kisha kuvuta kama wanang'oa msumari, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa sawasawa. Mimi nilikuwa nimening'inia juu ya mtoto.

Mateke pia nilipiga. Kwa kiatu cha msibani.

Watu wa kijijini walifika upesi kuliko nilivyotegemea, wakiwa na tochi za simu. Kijana wa bodaboda alipanda juu ya gari akachukua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akapiga katikati ya dirisha langu. Jiwe likaruka. Akapiga tena, likaruka tena, mara hii likakaribia kumpiga mwenzake. Kisha lori likasimama, na utingo akashuka na wili spana. Huyu hakupiga katikati. Alipiga pembeni kabisa, kwenye kona, pigo moja fupi. Kioo chote kikapasuka mara moja kwa sauti kama ya mahindi kwenye sufuria.

Na hakikuanguka. Dirisha la nyuma lilikuwa na tinti, na ile karatasi ya tinti ilikamata vipande vyote elfu na zaidi, kioo kikabaki kinaning'inia kama blanketi lililoloa. Utingo alilazimika kukibandua kwa mikono. Kama ningekivunja kutoka ndani nikategemea kimwagike, ningeshangaa.

Mpwa akatoka wa kwanza, mimi wa pili, dada akapita katikati ya viti. Shemeji akabaki. Kifungo cha mkanda hakikubali kufunguka kikiwa kimebeba kilo 90 za mtu, kinabana. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akaingiza panga. Mkanda ulikatika, na bega la shemeji nalo likakatika kidogo, nyuzi sita pale zahanati. Halafu, kwa kuwa hakuwa amejishikiza popote, alianguka chini yote kwenye maji alikokuwa dada dakika mbili kabla. Angekuwa bado yupo pale, angemwangukia.

Dada alikuwa anatetemeka kando ya barabara anarudia neno moja kwa kila aliyepita, ndaga, ndaga fijo. Hakumaliza kushukuru mpaka tulipofika Uyole.

Kwa nini jiwe liliruka

Kioo cha milango ya magari mengi ni kioo cha tempa. Kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kinapulizwa hewa ya baridi ghafla. Ngozi ya nje inaganda kwanza, tumbo la ndani linapoa baadaye na kutaka kusinyaa, kwa hiyo kioo kizima kinabaki kwenye mvutano: nje kimebanwa, ndani kimevutwa. Ndiyo sababu kina nguvu mara nne au tano kuliko kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba. Na ndiyo sababu, ukifanikiwa kuichoma ile ngozi mahali padogo tu, mvutano wote unaachiliwa na kinakuwa punje.

Kwa hiyo kioo hiki hakishindwi kwa uzito. Jiwe kubwa linagawa nguvu yake kwenye eneo kubwa, na katikati ya kioo pananepa kidogo, panakula pigo. Kona haina nafasi ya kunepa. Ncha ndogo, ngumu, kwenye kona: hiyo ndiyo hesabu yote. Utingo hakuwa na nguvu kuliko yule kijana. Kazi ya malori imemfundisha pa kupiga.

Kioo cha mbele ni ndugu mwingine kabisa. Hicho ni lamineti: vioo viwili vimebanwa na utando wa plastiki katikati. Ukikipiga kinachora utando wa buibui na kubaki pale pale. Kukitoboa kwa nyundo ya dharura ni kupoteza pumzi. Tatizo ni kwamba lamineti siku hizi imehamia milangoni pia, kwa ajili ya kupunguza kelele za barabara na kuzuia mtu asirushwe nje gari likipinduka. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa 6 vya kuvunjia kioo, 3 vya nyundo na 3 vya springi inayofyatuka ukikigandamiza kifaa kwenye kioo. Vinne vilivunja tempa. Hakuna hata kimoja kilichopenya lamineti. Walieleza pia kwamba kwenye magari ya toleo la 2018 yaliyouzwa kule, karibu aina 1 kati ya 3 ina lamineti madirishani pembeni, na baadhi zina lamineti mbele na tempa nyuma. Magari yenye vioo vya namna hiyo nayo yanazeeka yakaja kwetu.

Maandishi yapo. Angalia kona ya chini ya kila kioo, kuna muhuri mdogo ambao hakuna mtu anayeusoma. Kingine kinasema waziwazi TEMPERED au LAMINATED. Kwenye magari ya Japani utakuta mara nyingi TEMPERLITE, hiyo ni tempa, au LAMISAFE, hiyo ni lamineti. Soma vyote, usisome kimoja ukadhani umesoma gari zima.

Na kuna jambo la kwetu ambalo halimo kwenye maelekezo ya kiwandani. Kioo cha tempa hakikatwi. Ukijaribu kukikata kinamwagika chote. Kwa hiyo kama dirisha lako liliwahi kuvunjwa na fundi akakuchongea jingine kwa kukata kipande pale pale karakana, hicho si tempa, hata kama vingine vitatu vya gari lako ni tempa. Ni lamineti, au ni kioo cha kawaida ambacho kitavunjika vizuri sana na kukuachia visu. Muulize fundi, au kibadilishe.

Uani kwa fundi, na pipa la maji

Baada ya kumaliza hasira nilinunua vifaa vitatu. Nyundo ndogo ya plastiki yenye ncha mbili, kama zile za kwenye mabasi. Kifaa cha springi cha ukubwa wa kidole gumba, cha kuning'iniza kwenye ufunguo, chenye kijisu cha mkanda kilichozama kwenye ufa. Na kingine cha springi kinachofanana nacho kabisa ila cha nusu bei. Ile nyekundu ya shemeji ikawa ya nne. Fundi akaniuzia vioo kadhaa vya milango kutoka kwenye magari yaliyokuwa yanachinjwa, na kioo cha mbele chenye ufa. Tukavaa miwani ya kuchomelea.

Tukiwa tumesimama, na nafasi ya kutupa mkono, nyundo zote mbili zilivunja tempa kwenye pigo la kwanza. Hapo ndipo muuzaji anapokuonyeshea, na hapo ndipo unapodanganyika. Nikamwambia fundi nalala chini ya benchi, uso wangu uwe sentimita 30 kutoka kwenye kioo, kiwiko kimebanwa, kama nilivyokuwa usiku ule. Nyundo ndogo ikagonga mara tano bila kitu. Ile nyekundu, kwa uzito wake, ikavunja kwenye pigo la tatu, na nusu ya kioo ikanimwagikia kifuani. Springi haikuhitaji nafasi. Unaigandamiza kwenye kona, unasukuma, springi ya ndani inafyatuka yenyewe. Tak. Kioo kikaisha.

Kisha tukazamisha kioo kwenye pipa la maji ya mvua. Kupiga nyundo ndani ya maji ni kama kupiga mtu kofi ndotoni: mkono unakwenda, nguvu haifiki. Springi ilifyatuka kana kwamba maji hayapo.

Ile springi ya nusu bei ilivunja kioo cha kwanza. Nikaitaka ya pili, ikakwama ndani, haikurudi tena. Ncha yake tukaitazama na fundi: ilikuwa chuma laini, imeshainama. Ya bei nzima ina ncha ya kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kile kile cha kwenye ncha za biti za kutobolea zege. Sikujua tofauti hiyo dukani, na muuzaji naye hakuijua.

Kwenye kioo cha mbele vyote vinne vilishindwa, kama ilivyotarajiwa. Springi iliacha nukta. Nyundo nyekundu ilichora buibui mkubwa wa kupendeza.

Mikanda tuliijaribu kwenye mkanda chakavu uliofungwa kwenye nguzo. Kijisu kilichozama kwenye ufa kinakata vizuri mkanda ukiwa umekazika na ukivuta kimshazari. Ukivuta moja kwa moja kinatafuna. Mkanda uliolegea kinautafuna pia. Na hakiwezi kumkata mtu bega, jambo ambalo shemeji aliliona ni la msingi kuliko mimi.

Simu yangu ya saa 1:36

Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada, amezamisha magari mengi kwa majaribio, watu wakiwa ndani. Anachosema kuhusu gari lililoingia majini kinakera kwa urahisi wake: mkanda, dirisha, toka, watoto wakitangulia, na yote hayo ndani ya dakika ya kwanza wakati gari bado linaelea. Simu isiguswe. Usisubiri gari lijae.

Mlango ndio unaoshindikana. Chukua mlango wenye upana wa sentimita 80, maji ya mita 1 nje, ndani bado pakavu: maji yanausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 400 hivi. Hakuna mtu wa kuusukuma huo. Dirisha likiwa bado juu ya maji, lenyewe linashuka tu kwa kitufe.

Yetu haikuwa ziwa wala Ruaha iliyofurika, ilikuwa mtaro. Lakini mimi, katika dakika ile ya kwanza, umeme ukiwa bado upo kwa sekunde kadhaa, nilifanya nini? Nilimpigia mjomba aliye Uyole. Sikupiga hata 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Nilimpigia mjomba, naye akaniuliza mko wapi hasa, nikamwelezea kona kwa kona, na maji yanapanda kwa dada.

Tulichoamua

Kifaa ni springi chenye kijisu, cha ncha ya kabaidi, viwili kwa kila gari. Hapo sikubishana na mtu. Nyundo nzito naiona inafaa kwa mtu aliye nje anayekuja kuokoa, au kwa basi lenye nafasi ya kusimama. Kwenye gari dogo ni kitu cha kumpa jirani.

Mabishano yalikuwa ni kinakaa wapi. Shemeji alitaka kwenye ufunguo, maana ndivyo kilivyotengenezwa, kinachomoka kwa kuvutwa. Nikamkumbusha kwamba yeye alichomoa ufunguo na hakumbuki aliutupia wapi. Dada akapendekeza kwenye kile kikinga jua juu ya kioo. Tukakaa garini, tumefunga mikanda na macho, kila mmoja akanyoosha mkono wa kulia kisha wa kushoto. Mwisho cha mbele tulikifunga kwa utepe wa velkro, kama ule wa viatu vya watoto, kwenye ubavu wa kiti cha dereva, upande wa handibreki, ambapo yeye na aliye pembeni yake wote wanafika hata mmoja akiwa chini ya mwenzake. Cha pili kipo nyuma ya kiti cha abiria, usawa wa mkono wa mtoto. Nilidhani dada atakataa mtoto asikae na kitu kile. Alisema mtoto ndiye aliyekuwa chini.

Mpwa amefundishwa maneno manne tu: kona, sukuma, uso pembeni. Nne ni kwa hesabu yake. Anasema la nne ni "tak".

Mkanda hatukuufundisha haraka. Anayening'inia anatakiwa ajishikize kwanza, mkono mmoja kwenye paa au miguu kwenye dashibodi, aliye chini asogee, ndipo akate. Tulifanya mazoezi ya hilo mara moja, gari likiwa limesimama wima, na lilionekana jambo la kijinga sana. Loki ya watoto tumeiacha ilivyo. Mpwa ni mpwa. Tinti ya nyuma tumeibandua.

Na ile nyekundu hatukuitupa. Mwezi uliopita shemeji aliuza gari lile akachukua jingine, kubwa, la kisasa, kimya ndani kama msikiti siku ya Jumatatu. Alikuja kuonyesha jioni, umeme umekatika mtaani. Kabla hajanifungulia mlango niingie, alitoa nyundo nyekundu kwenye begi, akawasha tochi yake, akapiga magoti kwenye kona ya kioo cha dereva. LAMISAFE. Akazunguka upande wa abiria. LAMISAFE. Akaenda mlango wa nyuma, akapangusa vumbi kwa kidole, akasoma polepole kama mtu anayesoma barua ya shule: TEMPERLITE.

Akazima tochi. "Kwa hiyo mimi," akasema, "natokea kwako."